Fundi aguse mipangilio ya ruta kabla ya mteja kuuziwa kifurushi kikubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kampuni zinazotuunganishia intaneti majumbani hapa Moshi, hasa kuhusu kazi ambayo mafundi wao huiacha nusu. Fundi aliyekuja kwangu Pasua aliiweka ruta nyuma ya televisheni, akahakikisha simu yake imeshika waifai akiwa amesimama palepale sebuleni, akaondoka. Katika chumba cha nyuma, anakosomea binti yangu, video zilikuwa zikikwama kila jioni. Nilipopiga simu huduma kwa wateja nilishauriwa nipande kifurushi. Nikapanda, nikalipa, na hali ikabaki ileile.

Kilichonifungua macho ni waya. Tulipoichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kasi yote tuliyoilipia ilionekana, hata saa mbili usiku. Tulipouchomoa na kurudi kwenye waifai ya chumba cha nyuma, haikufika hata robo yake. Tatizo, basi, lilikuwa ndani ya kuta zetu wenyewe. Kipimo hicho hakizidi dakika tano, nami nashangaa kwa nini mteja haulizwi kwanza kama amekifanya, kabla hajauziwa kitu kingine.

Mpwa wangu aliweka kwenye simu programu ya bure inayoonyesha mitandao ya waifai iliyo karibu, tukahesabu tisa. Kila mmoja hutumia chaneli, yaani njia yenye namba ya kurushia mawimbi yake: mingi ilikuwa chaneli ya 6, mmoja chaneli ya 3, na wetu chaneli ya 8. Katika masafa ya gigahezi 2.4, mojawapo ya makundi ya mawimbi ya waifai, chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila mtandao huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Ndiyo maana ruta za jirani hushauriwa zikae kwenye 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana, kama wazee wetu wa mlimani walivyogawana maji ya mfereji kwa zamu. Iliyo kwenye 8, kinyume chake, haielewi kinachosemwa kwenye 6. Huisikia kama kelele, na mara nyingi zote mbili hulazimika kutuma upya kilichoharibika njiani. Ni afadhali, kwa hiyo, kubanana na jirani kwenye 6 kuliko kujitafutia upenyo kwenye 8, jambo ambalo mimi mwenyewe nililibishia mpaka nilipolijaribu.

Tulikuta pia ruta imepangwa itumie upana wa megahezi 40, na hiyo ni karibu nusu ya masafa yote ya 2.4, yaani ni sawa na mtu kuegesha lori katikati ya kichochoro. Tukairudisha 20. Televisheni ya sebuleni tuliihamishia kwenye gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hudhoofika upesi yanapopita kuta za tofali za saruji, na kwa sababu hiyo simu za vyumbani tumeziacha kwenye 2.4. Ruta yenyewe sasa iko juu ya kabati la mbao koridoni. Sitaficha kwamba hatua hiyo, isiyohitaji utaalamu wowote, ilileta nafuu kubwa kabla hata hatujagusa chaneli.

Mabadiliko haya hufanyika katika ukurasa wa mipangilio, ambao kwa ruta nyingi hufunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ukurasa huo una neno lake la siri, tofauti na lile la waifai, na hapo ndipo wateja wengi tunapokwama, kwa kuwa fundi hulibadilisha na kuondoka nalo. Anayefikiria kubonyeza kile kitundu cha kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani asifanye haraka, maana anaweza kufuta pamoja nalo taarifa zinazoiunganisha ruta na kampuni, akabaki bila intaneti kabisa.

Ninachoziomba kampuni ni kwamba fundi asihesabiwe amemaliza kazi mpaka apime kasi katika chumba cha mbali kuliko vyote, achague chaneli baada ya kuangalia majirani wanatumia zipi, na amwachie mwenye nyumba neno la siri la ukurasa wa mipangilio kwa maandishi.

Sisi majirani tumekwisha kuanza kupatana wenyewe. Mimi nimehamia chaneli ya 1, nyumba ya nyuma imehamia 11, na fremu za maduka zilizo barabarani zimebaki 6. Yule wa chaneli ya 3 yuko tayari kuhama hata leo, ila neno la siri la ruta yake analo fundi, na fundi huyo hapokei simu.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi