Kabla ya kuchora njia mpya za baiskeli, tufungulieni iliyopo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoajiriwa kufundisha, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, si kwa kukosa la kusema, bali kwa kuamini kwamba wasemaji walikuwa wanatosha. Taarifa yako ya juma lililopita kuhusu njia za baiskeli na za waenda kwa miguu zitakazojengwa pamoja na barabara zijazo za mabasi ya mwendokasi imenitoa katika ukimya huo. Bila shaka unaikumbuka, kwa kuwa ndiyo iliyopambwa kwa mchoro wa kompyuta wenye miti iliyopandwa kwa mstari, mama anayesukuma kigari cha mtoto, na kijana aliyevaa kofia ngumu akiendesha baiskeli ya gia mahali ambapo hapana lori, hapana bodaboda, wala hapana meza ya karanga. Nimeutazama mchoro huo kwa miwani na bila miwani, na bado sijatambua ni jiji gani.

Njia hiyo inayochorwa tunayo tayari. Iko kandokando ya Barabara ya Morogoro tangu awamu ya kwanza ya mwendokasi ilipojengwa, ile ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ukihesabu na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, ambayo mabasi yake yalianza kubeba abiria Mei 2016. Hatukujengewa barabara ya mabasi peke yake. Tulijengewa njia ya miguu, na sehemu kubwa ya safari tukajengewa na njia ya baiskeli. Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata, nami nikajivuna kama mwenyeji yeyote mwenye haya. Ningependa waliotoa tuzo hiyo warudi, lakini safari hii wasipande basi.

Mimi nimestaafu, ninafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na mara mbili kwa juma huwapelekea wateja wangu wa Manzese trei kumi za mayai juu ya keria ya baiskeli yangu aina ya Phoenix, ambayo haina gia na haijawahi kuzililia. Jumamosi moja ya mwezi uliopita, nilipokwisha kuipita Shekilango, nilikuta lori limepandisha magurudumu mawili juu ya njia ya baiskeli likishusha magodoro, na utingo wake ameketi juu ya ukingo wa zege anakula muhogo. Nikateremka, nikasukuma. Mbele ya lori zilikuwa zimejipanga bodaboda zisizopungua kumi na mbili zikisubiri abiria, kana kwamba hapo ndipo kituo chao kilipoandikwa katika ramani ya jiji. Nikahamia njia ya miguu, nikimwomba radhi kila niliyempita, kwa sababu ninajua kwamba hapo si mahali pa baiskeli. Na huko nako nikakutana na bodaboda nyingine inakuja, dereva wake akipiga honi na kunitolea macho kama kwamba nimeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Nilipompisha, gurudumu langu la mbele liliingia katika mtaro usiokuwa na mfuniko. Trei kumi ni mayai 300. Niliyahesabu yaliyopona nikiwa nimechuchumaa palepale, ute ukinitiririka katika suruali: yalikuwa 64, na 11 kati ya hayo yalikuwa na ufa. Utingo alikuja na muhogo wake mkononi, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Pole sana mzee, lakini si ungepita tu barabarani?" Ushauri huo ungenifaa sana, isipokuwa siku nne kabla nilikuwa nimepita barabarani, na kijana mmoja mwenye fulana ya kung'aa akanisimamisha na kuniuliza, mbele ya watu waliokuwa wakingojea basi, kama macho yangu yameshindwa kuiona njia ya baiskeli niliyojengewa na Serikali.

Sikutaka fidia ya mayai. Nilitaka kujua mtu mmoja tu, yule ambaye kazi yake, akiamka asubuhi, ni kuhakikisha kwamba njia hiyo inapitika. Kwa ajili hiyo nilizunguka ofisi tatu, ambazo sitazitaja kwa kuwa katika zote nilipewa kiti na maji ya kunywa. Ya kwanza ilinieleza kwamba barabara kuu si yake, yake ni mitaa inayoingia katika barabara kuu. Ya pili ilikubali kwamba barabara ni yake, lakini magari yanayoegeshwa juu ya hifadhi ya barabara ni suala la wasimamizi wa sheria, na mfuniko wa mtaro ni suala la bajeti. Nikaambiwa pia kwamba mifuniko ya zege hupondwa usiku ili nondo zake ziuzwe kama chuma chakavu, jambo ambalo lilitamkwa kwa utulivu mkubwa, kama mtu anavyotaja kuja kwa masika. Ya tatu ilinitaka niandike barua. Niliandika, ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo.

Huo, Mhariri, ndio ugonjwa ambao taarifa yako haikuugusa. Njia ya baiskeli ina mchoraji, ina mkopeshaji, ina mkandarasi, ina mhandisi mshauri na ina siku ya kukatiwa utepe, ila haina mlinzi. Basi la mwendokasi lina njia yake, na gari likiingia humo kila mtu anajua kwamba kosa limetendeka. Likiingia katika njia yangu linaitwa limeegeshwa.

Sina ugomvi na mama anayeuza maandazi pembeni. Yeye huniona kwa mbali na kuivuta ndoo yake. Ugomvi wangu ni na wenye magari, na hapa naomba uniwie radhi nikigusa jambo la jirani, maana siwezi kunyamaza nusu. Pale Kimara, barabara iliyopanuliwa kuelekea Kibaha ina njia nane. Upana huo unapendeza ukiutazama kutoka ndani ya gari. Uangalie sasa kwa urefu wa mtoto wa darasa la pili mwenye mkoba mgongoni. Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ni ya mwaka 1973 na kwa hiyo madereva wamekuwa na muda wa kutosha wa kuisoma, inamtaka dereva ampishe aliye juu ya kivuko cha pundamilia. Katika jiji hili ukikanyaga pundamilia dereva huongeza mwendo, tena hupiga honi kukujulisha kwamba amekuona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni wanaotembea kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Sisi tunaotembea kwa miguu hatukuhitaji shirika lolote kutuhesabia, kwani mazishi tunayahudhuria wenyewe.

Narudi kwenye baiskeli. Mfumo huu wa mabasi hatukuubuni. Umetoka Amerika ya Kusini, na jiji linalotajwa kila mara kuwa kielelezo ni Bogotá, ambako mabasi ya TransMilenio yalianza mwaka 2000. Lakini meya aliyeyaanzisha, Enrique Peñalosa, hakujenga njia za baiskeli na kuondoka. Alisimika vinguzo kandokando ya njia za miguu ili magari yasiweze kupanda, wenye magari wakamjia juu kwa hasira, na vinguzo vikabaki. Sisi tumeleta mabasi, tumeleta vituo, tumeleta hata geti la kukatia tiketi, na vile vinguzo tumevisahau Bogotá. Kinguzo cha zege kinachofika gotini hakiombi mshahara, hakina ofisi ya kukuelekeza kwingine, wala hakipokei soda.

Kwa kuwa michoro mipya iko njiani, ninalo pendekezo, na ninaomba lichukuliwe kwa uzito uleule ambao barua yangu ilipigwa muhuri. Kabla cheti cha kukamilika kwa kazi hakijasainiwa, mkandarasi, mhandisi mshauri na ofisa atakayeipokea barabara kwa niaba yetu waendeshe baiskeli tatu za Phoenix zisizo na gia, kila moja ikiwa na trei kumi za mayai zilizofungwa kwa mipira ya kawaida ya tyubu, kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho wake, siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, bila king'ora mbele wala gari la kuwafuata nyuma. Kushuka na kusukuma kuruhusiwe mara mbili tu. Yatakayovunjika yakatwe katika malipo ya mwisho, na safari hiyo irudiwe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kwa muda wote ambao barabara itaendelea kuitwa rafiki kwa watumiaji wote. Kwa majaribio, waanze na Barabara ya Morogoro, na wakifika Shekilango wamsalimie utingo.

Mayai nitayatoa mimi kwa bei ya jumla. Malipo ni taslimu, kabla ya kupanda baiskeli.

Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam