Wazee wa Katuba Nao Wana Elimu

Bwana Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa mliyoichapa juu ya mihadhara ya historia ya Lubumbashi, ambayo hutolewa kwa Kifaransa kitupu, huku wazee waliofanya kazi migodini na kwenye tanuri za shaba wakikaa kimya viti vya nyuma, ingawa historia inayosimuliwa ni yao wenyewe.

Dharau hii ina mizizi. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji hapa Kongo ulianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukaongeza uandikishaji maalumu wa Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ili mtu akubaliwe, wakaguzi waliingia hadi nyumbani kwake kuangalia vyombo vya mezani na namna familia inavyoishi. Uhuru ulipatikana mwaka 1960, lakini hata leo mzee wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, akiinuka kuuliza swali kwa Kiswahili, vijana wenye shahada huchekea pembeni, jambo linaloumiza sana kuliona, kisha kipaza sauti hupewa mwingine. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa na kuitaka Serikali iziendeleze bila ubaguzi.

Naomba waandaaji waweke mkalimani, wapokee maswali kwa Kiswahili, na wamkaribishe mstaafu wa mgodini mbele, kando ya profesa, apewe muda uleule wa kuzungumza.

Mkaazi wa Kamalondo,
Lubumbashi