Kodi za yabisi ya bega

Habari za jioni, wanakikundi. Kwa tunaoandika kodi (misimbo ya magonjwa, ICD-10-CM) za madai ya bima ya afya ya Marekani: M19.019, ya yabisi ya bega, yaani gegedu la kiungo kulika, isiwe kimbilio, haisemi ni bega lipi. Gegedu la bega la kulia likilika lenyewe bila chanzo kingine, ni M19.011, la kushoto M19.012. Mabega yote? Wekeni zote mbili, maana kodi moja ya pande zote haipo. Likiwa limelika kwa sababu ya jeraha la zamani, nendeni M19.111 au M19.112, ila daktari awe ameandika chanzo hicho. Ameandika "maumivu ya bega la kulia" tu? Hiyo ni M25.511, yabisi msiiongeze nyinyi. Upande usipotajwa, mrudishieni daktari swali kwa maandishi. Mwenye faili gumu alilete hapa, jina la mgonjwa lifutwe kwanza tafadhali.