Kiharusi hakiishii kwenye mkono na mguu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu limefanya kazi kubwa ya kuwafundisha wasomaji dalili za kiharusi, yaani mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu na ulimi kuwa mzito, kiasi kwamba leo hata watoto wa shule ya msingi hapa kijijini wanaweza kuzitaja. Naomba nafasi nizungumzie yanayofuata baada ya dalili hizo kupita. Kwa miaka tisa niliyomuuguza baba yangu mzazi, sikuwahi kusoma gazetini wala kuambiwa kliniki kwamba kiharusi, pamoja na presha inayokileta, huidhuru akili ya mzee kama kinavyoudhuru mguu wake, na kwamba madhara hayo yanaweza kupimwa, na kwa kiasi yanaweza kuzuiwa.

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa hapa Machame, mkoani Kilimanjaro. Alijua kwa kichwa deni la kila mkulima na kilo alizopeleka msimu uliopita, na watu walimwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, kwa sababu alikumbuka masale ya mpaka yalipandwa na nani, na mbele ya mashahidi gani. Mwaka 2012, akiwa na miaka 74, kikombe cha uji kilimponyoka asubuhi na mkono wa kulia ukabaki umelegea. Tulipoteza siku nzima, kwa kuwa wapo waliosema ni upepo mbaya na kwamba aombewe kwanza. Alilazwa wiki mbili, akafanyishwa mazoezi ya viungo, na baada ya miezi minne alikuwa akitembea kwa mkongojo. Siku ya mwisho ya kliniki tuliambiwa mzee amepona, nasi tukaamini. Vidonge vyake vya presha vilipokwisha hatukununua vingine. Tulivimaliza kama mtu anavyomaliza dozi ya malaria.

Mwaka uliofuata akaanza kubadilika, lakini kusahau hakukuwa dalili ya kwanza, na hapo ndipo tulipopotea. Majina ya watu aliyakumbuka, na hadithi za ujana wake alizisimulia vizuri. Kilichomshinda ni kupanga mambo. Angeweza kukaa na shoka mkononi mbele ya gogo asijue aanzie wapi, na ukimuuliza swali alichukua muda mrefu mno kujibu, hadi watu wakaacha kumsubiri. Alipokea malipo ya ndama mmoja kutoka kwa wanunuzi wawili, yeye ambaye alitunza fedha za wakulima kwa zaidi ya miaka ishirini bila kupungua hata senti. Mdogo wangu alimwita mwizi mbele ya wajukuu. Najua alisema kwa uchungu, lakini baba aliinamisha kichwa kama mtoto, na mpaka leo picha ile haijanitoka.

Mwaka 2016 akapata kiharusi cha pili, chepesi mno, ambacho kilimlegeza mdomo kwa siku mbili tu. Tulimshukuru Mungu kwamba hakupooza. Hata hivyo, baada ya siku hizo mbili hakuweza tena kuvaa shati bila msaada, na alianza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Tangu hapo alikuwa akishuka kama mtu anayeshuka ngazi: miezi kadhaa anabaki palepale, kisha ghafla anapungua, na hapandi tena alikotoka. Alifariki mwaka 2021.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, kwa hiyo baada ya msiba nilianza kutafuta maelezo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote tunayovuta, na hauna ghala la kuiweka akiba. Unategemea damu ifike kila sekunde, kupitia mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele. Presha inapokuwa juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo midogo huwa nene na ngumu, njia ya damu husinyaa, na sehemu za ndani za ubongo, zilizojaa nyuzi zinazounganisha eneo moja na jingine, hufa kidogo kidogo. Kisukari, sigara na lehemu (mafuta ya kwenye damu) iliyozidi huongeza madhara hayo. Viharusi vingine ni vidogo kiasi kwamba mgonjwa hajui kuwa amevipata: hakuna mkono unaolegea wala mdomo unaokwenda upande, lakini kila kimoja hukata nyuzi chache. Ndiyo maana mzee wa namna hii huanza kwa kuwa mzito wa kufikiri na kushindwa kupanga, kabla hata hajawa msahaulifu, naye huitwa mvivu, mkaidi au mwizi.

Hali hiyo, inapofika mahali pa kumzuia mtu kuendesha maisha yake mwenyewe, wataalamu huiita demensia, na hii inayotokana na mishipa ya damu ni ya pili kwa wingi baada ya ile ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo ambao kwa kawaida huanza kwa kusahau. Lakini mara nyingi hazikai kila moja peke yake. Katika ubongo wa wazee wengi zote mbili huwamo, na mishipa iliyochoka huifanya ile nyingine ijitokeze mapema zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za wagonjwa wa kiharusi, wakaona kwamba takriban mmoja kati ya kumi hupata demensia muda mfupi baada ya kiharusi cha kwanza, lakini kwa wale waliopata kiharusi zaidi ya mara moja idadi hiyo ilizidi theluthi moja. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilifikiria vile vidonge ambavyo hatukuvinunua.

Wasomaji wasidhani haya ni mambo ya Ulaya. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kuhesabu viharusi katika Wilaya yetu ya Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Hesabu zilipowekwa sawa kwa kuzingatia umri wa watu, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kinachozidi kile cha nchi nyingi tajiri. Utafiti mwingine wa hapahapa Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba takriban wazee 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa na presha ya juu, na walio wengi kati yao hawakuwa wakijua. Mwaka huohuo ilichapishwa hesabu ya demensia kwa wazee wa rika hilo katika wilaya hii: asilimia 6.4. Mtu akizisoma tarakimu hizo kwa pamoja anaona kwamba presha isiyojulikana ya leo ndiyo itakayoongeza hesabu ya demensia ya kesho, hasa kwa vijana wetu waliohamia mijini, ambako chumvi, kukaa kitini na wasiwasi wa maisha ni vingi kuliko huku mlimani.

Kuna jambo moja linalonipa faraja na linaloniumiza kwa wakati mmoja. Watafiti waliofanya kazi hapa Hai walitengeneza kipimo kifupi cha akili kwa ajili ya wazee wa Afrika, wakiwemo wasiojua kusoma na kuandika, kwa sababu vipimo vingi vya kigeni humtaka mgonjwa aandike sentensi na kuchora, na mzee ambaye hajawahi kushika kalamu huonekana mgonjwa hata kama ana akili timamu. Kipimo hiki kina maswali sita tu. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, na daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka maneno kumi aliyosomewa muda mfupi uliopita. Na hupanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Hakihitaji mashine, umeme wala daktari bingwa, na baadaye kilijaribiwa hata Nigeria. Katika kliniki tuliyohudhuria na baba kwa miaka yote ile, kilomita chache kutoka vijiji ambako kipimo hicho kilizaliwa, hakuna mtu aliyewahi kumpa njiti hata moja.

Kama kingetumika, tungejua mwaka 2013 kwamba tunaishi na mgonjwa. Tungemwondolea fedha mikononi kwa heshima, tungewaarifu wanunuzi, na mdogo wangu asingetamka lile neno. Pia tungepata nafasi ya kuchunguza mambo mengine yanayofanana na demensia lakini yanatibika, kama vile huzuni nzito inayowapata wengi baada ya kiharusi, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, au hata masikio yasiyosikia vizuri. Najua demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya, na sitaki kumdanganya msomaji yeyote mwenye mgonjwa nyumbani. Lakini ile inayotokana na mishipa inaweza kupunguzwa kasi kwa kuzuia kiharusi kinachofuata, na hili ni jambo lililo ndani ya uwezo wa zahanati.

Ushahidi upo. Nchini Marekani, watu zaidi ya 9,300 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliokuwa na presha, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa hadi namba ya juu ya kipimo cha presha ishuke chini ya 120, na jingine chini ya 140. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika kundi la kwanza upungufu wa awali wa akili, ule unaoitangulia demensia, ulikuwa mdogo kwa asilimia 19. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitisha, kwa hiyo tuseme kilichoonekana na tusiongeze chumvi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani, na presha, kisukari, lehemu, sigara, unene uliopita kiasi na kutofanya mazoezi vyote vimo. Wakati unaofaa zaidi kushughulikia presha ni katika umri wa kati, tangu miaka arobaini hivi. Kwa wazee sana kuishusha kupita kiasi kunaweza kuleta kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo kiwango apange daktari, asipange jirani.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa halmashauri zetu ni dogo. Kila mzee anayetoka wodini baada ya kiharusi apimwe akili kabla ya kuruhusiwa, na apimwe tena kliniki baada ya miezi sita, kama anavyopimwa nguvu za mkono. Kadi yake iandikwe wazi kwamba dawa za presha ni za maisha yote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na dirisha la wazee tumelikuta katika hospitali nyingi. Lakini mara kadhaa tulifika dirishani tukaambiwa vidonge hivyo, ambavyo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo, tukanunue nje. Mzee anayekosa vidonge mwezi mmoja hasikii maumivu yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna anayepiga kelele.

Nawaomba pia viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji wanisikilize katika hili. Baba yangu alipobadilika, baba yangu mdogo alimtuhumu mke wa kaka yangu kuwa amemroga, na mama yule aliishi na tuhuma hiyo miaka mitano. Kwetu iliishia kwenye kutosalimiana. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu bibi kizee anayezungumza peke yake au kutangatanga usiku huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa tuhuma za aina hiyo. Ninapozisoma habari hizo huwa najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa wa presha ambao mishipa ya ubongo wao ilikuwa imeziba.

Mimi mwenyewe nimeshavuka miaka 60. Mwezi uliopita presha yangu ilikuwa 152 kwa 94, na nimeanzishiwa dawa. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi yangu, na siku hiyo nitakwenda na kiberiti mfukoni. Nesi akimaliza kunifunga mkanda wa presha mkononi, nitamwomba anipangie zile njiti nne, kisha anipe nami nizipange.

Mwalimu mstaafu,
Machame, Wilaya ya Hai