Ule mche wa yasmini usiupande kwanza

Shoga yangu,

Salamu zitafuata. Ule mche wa yasmini niliokupa, kama bado uko kwenye kopo lake, uache humo humo. Kama umeshaupanda, basi isome barua hii ukiwa umesimama, maana utahitaji sepeto.

Haya, hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo si wangu tena, na kucha zangu ukiziona utadhani nimeajiriwa gereji. Najua nimekaa kimya, na ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili bila kujibu. Usininunie. Nilikuwa vitani.

Unavikumbuka vile vijani vilivyochomoza kwenye tuta la vitunguu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta? Nikakwambia labda ni vitunguu vimejiotea, ukanicheka. Salma alipovipitia akasema ni nyasi tu, ng'oa. Nikang'oa. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mimi na nyasi zangu. Unavuta, unasikia "tik" chini kule, jani linakuja mkononi jepesi, unajiona shujaa. Wiki haijaisha, pale palipokuwa na kimoja pamesimama vitatu.

Aliyenitoa ujinga ni Bi Mkubwa. Alichuma kimoja chenye ua, akakiviringisha shina kati ya vidole, akanipa. "Hebu shika." Nikashika. Halikuzunguka vizuri, lilikuwa linakwamakwama, maana lina pembe tatu. Nyasi shina lake huwa mviringo na lina vifundo njiani. Hili halina fundo hata moja, na majani yametoka chini yote, kwa safu tatu. "Hii si nyasi, mwanangu. Hii ndago." Akalitamka jina hilo kama anamtaja mtu aliyemkopa asimlipe.

Ndago, shoga! Mwaka 1977 wataalamu wa magugu waliiweka nambari moja duniani kwa ubaya. Na mimi nilikuwa naimwagilia maji.

Basi nikachukua sepeto, nikaacha kuvuta, nikachimba bonge zima la udongo, nikalivunja taratibu. Kumbe lile jani ni bendera tu, jeshi liko chini. Kuna kiazi kidogo cheusi, kimekunjamana, kina nywelenywele, na kutoka kwake unatoka uzi mgumu unaokwenda kwenye kiazi kingine, na kingine, kama tasbihi. Kwenye bonge moja nilihesabu kumi na saba. Nikakipasua kimoja kwa kisu: ndani cheupe, kina harufu kali kama dawa ya kuchua. Nilikionja pia, usiniulize kwa nini. Kichungu! Ndugu yake mwenye maua ya manjano ana viazi vitamu vinavyolika, kila kimoja peke yake mwisho wa mzizi. Maua ya hii yangu ni mekundu ya kuiva, kama kahawia hivi, na viazi vimefungana mnyororo. Bahati yangu hiyo.

Sasa ule mlio wa "tik" niliokuwa naufurahia ndio uliokuwa unaniponza. Viazi vilivyo kwenye mnyororo mmoja havioti vyote pamoja. Cha mbele kikishaota, vingine vinalala. Ukikata mnyororo, waliolala wanaamka. Yaani kila asubuhi nilikuwa nagonga milango nyumba kwa nyumba, amkeni, amkeni.

Ilitoka wapi? Mbegu zake ni nadra kuota, kwa hiyo haikuletwa na upepo. Viazi husafiri na udongo. Nikakumbuka lile toroli la udongo nililonunua... wacha, nikimfikiria yule muuzaji presha inapanda. Lakini baya zaidi ni langu mwenyewe. Vyote nilivyokuwa nang'oa, na vingine vilikuja na viazi vyake, nilivitupa kwenye mboji. Na mboji hiyo ndiyo niliyo... ee. Ndiyo niliyojazia kopo lako.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikulala vizuri jana.

Fanya hivi. Utoe mche kwenye kopo juu ya kipande cha nailoni, ukung'ute udongo wote, kisha mizizi uisuuze kwenye ndoo mpaka uione mieupe. Chochote kigumu, cheusi, kiwe kidogo kama punje ya maharage, toa. Ule udongo usiumwage bustanini, wala maji ya ndoo usiyamwage kwenye tuta. Viazi vitandaze juu ya bati kavu, jua liviwakie siku nyingi mfululizo mpaka vikauke kabisa. Ukame wa juani unaviua. Ila visiguse udongo wala mvua, vitafufuka.

Mimi tuta la vitunguu nimelichimba lote na kulichekecha. Vingi viko sentimita 15 za juu, ila vipo vilivyozama hata chini ya 30, navyo vinangoja zamu. Pale kwenye waridi siwezi kuchimba, kwa hiyo ndago naikata kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla haijazidisha majani matano au sita. Ikiachwa zaidi ya hapo inaanza kutengeneza viazi vipya. Ikikatwa mapema inakula akiba yake tu, mpaka ghala liishe. Bi Mkubwa anasema nisitegemee chini ya miaka miwili. Miwili!

Shemeji yako, bila shaka, ana njia za mkato. Kwanza alileta chumvi. Nikamuuliza baada ya hapo tupande nini, mawe? Akatandaza nailoni nyeusi. Ncha ya ndago ni sindano, imeitoboa na kusimama juu yake. Sasa anataka glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu. Hiyo inafanya kazi kweli, inashuka mpaka kwenye kiazi, lakini ipite kwenye jani bichi linalokua, na viazi vilivyolala bila jani haviguswi, kwa hiyo unarudia na kurudia. Tena haichagui, waridi zangu nazo zitakwenda. Nimemkatalia. Amenuna, anakula kimya kimya.

Sasa nijibu haraka. Umeupanda au bado? Kama umeupanda, ni karibu na yale maua ya mama? Kuna kijani chochote kilichochomoza kando ya shina, chenye ncha, kinang'aa? Ukikiona usikivute, nakuomba, chimba kwa upana na kina. Na ile mboji iliyobaki kwenye mfuko, uliitia wapi? Hukumgawia Zuhura, sivyo? Unanikasirikia sana au kidogo?

Na kopo langu nirudishie ukimaliza. Lioshe kwanza.

Wako mwenye aibu,
Rehema