Muda wa muogeleaji uandikwe na urefu wa bwawa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba kurasa zenu za michezo ziandike urefu wa bwawa kila zinapotaja muda wa muogeleaji. Mzazi wa Upanga akisoma kwamba Pan Zhanle wa China alichukua dhahabu ya mita 100 mtindo huru kule Paris 2024 kwa sekunde 46.40, huulinganisha na muda wa mwanawe wa bwawa la mita 25. Vipimo hivyo havilingani. Bwawa la Olimpiki lina mita 50, na katika mita 100 muogeleaji hugeuka mara 1 tu. Kwenye bwawa fupi hugeuka mara 3, na kila anaposukuma ukuta hutoka na kasi ambayo mikono yake haiwezi kumpa. Ndiyo maana muda wa bwawa fupi huwa mzuri zaidi. Kufuzu Olimpiki kunahesabu muda wa bwawa la mita 50 peke yake, kwa hiyo mtoto anayesifiwa gazetini kwamba "amekaribia kiwango" anaweza kuwa bado yuko mbali.

Ukuta huohuo ndio unaogawa medali. Tokyo, Julai 2021, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, kijana wa miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 mtindo huru akiwa wa nane, akapewa njia ya pembeni, akashinda kwa 3:43.36. Jack McLoughlin wa Australia alimaliza sekunde 0.16 nyuma yake. Mbio hiyo ina kugeuka mara 7. Hafnaoui angechelewa sekunde 0.03 kwenye kila ukuta, dhahabu ingekwenda Australia.

Kocha anayepima kugeuka kwa saa ya kubonyeza hawezi kuiona hiyo 0.03, kwa sababu kidole chenyewe hukosea zaidi ya hapo. Simu inayorekodi picha 60 kwa sekunde inatosha. Weka koni pembeni mwa bwawa, moja mita 5 kutoka ukutani na nyingine mita 10. Hesabu picha tangu kichwa kinapopita koni ya mita 5 kwenda ukutani hadi kinapoipita ya mita 10 kikirudi. Picha moja ni karibu sekunde 0.017. Simu ikae mahali palepale kila siku, la sivyo vipimo vya wiki hii havitalingana na vya wiki ijayo.

Makosa ya kugeuka tunayoyaona sana ni matatu. Mtoto anavuta pumzi kwenye mkono wa mwisho kabla ya kupinduka, kichwa kinainuka na nyonga zinazama. Au anapindukia mbali, miguu inafika ukutani magoti yakiwa yameshanyooka, hana cha kusukumia. Au anaanza kupiga mikono wakati kasi ya ukuta bado anayo. Kosa la pili mara nyingi si lake: mabwawa mengi ya hoteli hayana ile alama ya T sakafuni, mita 2 kabla ya ukuta, hivyo anabahatisha. Vigae vyeusi vichache vinamaliza tatizo hilo. Na mwani ukutani usuguliwe, maana mguu ukiteleza hakuna msukumo.

Los Angeles 2028 itakuwa na mita 50 za kipepeo, chali na chura, ambazo Olimpiki haikuwa nazo. Jirani yetu Jason Dunford wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010, lakini kwenye Olimpiki za enzi zake mbio hiyo haikuwepo. Katika mbio hizo za mita 50 hakuna kugeuka hata mara moja. Kuruka na mita 15 za kwanza ni karibu theluthi ya mbio nzima, kwa hiyo klabu zitataka kuweka majukwaa ya kurukia, na hapo tunasihi pawe na tahadhari. Kanuni za kimataifa zinataka kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani. Bwawa la kina cha kifua cha mtu mzima linaweza kuvunja shingo ya mtoto. Kocha apime kwa fito sehemu hiyo yote kabla jukwaa halijafungwa.

Makocha wa kuogelea,
Dar es Salaam