Msituletee asilimia bila daftari

Mhariri,

Habari za kura za maoni katika makoloni yaliyobaki duniani huandikwa na magazeti yetu, lenu likiwamo, kama matokeo ya mpira: upande huu asilimia kadhaa, upande ule asilimia kadhaa, "wananchi wameamua", habari imekwisha. Chukueni Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Tarehe 12 Desemba 2021 asilimia 96.5 ya waliopiga kura walikataa kujitenga na Ufaransa. Msomaji anayeishia hapo ataona hakuna cha kujadili. Lakini mwaka mmoja tu nyuma, Oktoba 2020, waliotaka uhuru walifika asilimia 46.7, na mwaka 2018 walikuwa 43.3. Hakuna taifa linalogeuza mawazo kwa kasi hiyo. Kilichogeuka ni idadi ya waliojitokeza, kutoka asilimia 85.7 hadi 43.9. Vyama vya Wakanaki, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, viliomba kura iahirishwe kwa kuwa jamii zao zilikuwa matangani, zikiomboleza waliokufa kwa Uviko. Paris ikakataa, wao wakasusia.

Asilimia ndiyo kitu cha mwisho kujulikana na mara nyingi ndiyo kidogo kuliko vyote. Kura ya watu kujiamulia hatima yao huwa imeshaelekezwa na mambo ya mapema zaidi: nani yumo kwenye daftari la wapigakura, kura zinahesabiwa kwa mipaka ipi, karatasi inauliza nini, na nani ana bunduki siku matokeo yanapotangazwa.

Kazi kubwa iko kwenye daftari, na mfano wake mkubwa ni Sahara Magharibi. Hispania ilifanya sensa huko mwaka 1974 ikahesabu watu wapatao 74,000. Novemba 1975 ikakubaliana mjini Madrid kuikabidhi Moroko na Mauritania utawala wa eneo hilo, vita na Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahara, vikafuata, na mapigano hayakusimama hadi tarehe 6 Septemba 1991. Kwa azimio namba 690 la Aprili mwaka huo, Baraza la Usalama lilikuwa limeunda MINURSO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, uendeshe kura Januari 1992: uhuru, au kujiunga na Moroko. Kura hiyo haijapigwa hadi leo.

Watu husema ni uzembe wa Umoja wa Mataifa. Si hivyo hasa. Polisario ilitaka orodha ya sensa ya 1974 na nyongeza chache. Moroko ilitaka waingizwe pia maelfu ya watu wa kabila hizohizo ambao familia zao zilikuwa zimehamia kusini mwa Moroko. Vikawekwa vigezo vitano: aliyehesabiwa mwaka 1974, aliyekuwa anaishi humo lakini sensa ikampita, ndugu wa karibu wa hao, mtoto wa baba aliyezaliwa ndani ya eneo, na mtu wa kabila la Sahara aliyeishi humo miaka sita mfululizo, au miaka kumi na miwili kwa vipindi, kabla ya Desemba 1974. Kwenye karatasi vinaeleweka. Sasa mthibitishie ofisa kwamba mfugaji anayehamahama aliishi mahali fulani miaka sita mfululizo, ishirini na tano iliyopita, bila cheti chochote. Ilibidi kutegemea ushahidi wa mdomo: mwombaji anakaa mbele ya maofisa, masheikh wawili wa ukoo wake wako pembeni, mmoja wa kila upande. Sheikh wa upande mmoja asipotokea, kazi imesimama. Uhakiki ulianza Agosti 1994, ukasimama mwaka 1996, ukafufuliwa na makubaliano ya Houston ya Septemba 1997. Hadi mwisho wa 1999 walikuwa wamehojiwa karibu watu 200,000, na waliokubaliwa ni 86,000 na ushei. Zikaja rufaa zaidi ya 130,000, nyingi mno kutoka upande wa Moroko, kila moja ikidai kusikilizwa peke yake. Hapo Baraza la Usalama likakata pumzi.

Kilichokwamisha hakikuwa wingi wa mafaili. Orodha ile ilikuwa tayari ni matokeo: mwenye kuisoma alijua nani atashinda, na aliyejua atashindwa hakuwa na haraka ya kufika kwenye sanduku. Hata James Baker, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alipopendekeza mwaka 2003 kwamba wapige kura pia wakazi wote walioishi humo tangu tarehe 30 Desemba 1999, yaani wahamiaji kutoka Moroko wakiwamo, Polisario ilikubali na Moroko ikakataa, kwa kuwa uhuru ulibaki kuwa mojawapo ya majibu. Tangu azimio namba 2797 la tarehe 31 Oktoba 2025, Baraza la Usalama limeuchukua mpango wa Moroko wa utawala wa ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Wahariri wengi wataandika kwamba suala limekwisha. Swali la nani wa kuulizwa liko palepale lilipokuwa mwaka 1991.

Kaledonia Mpya ina hadithi hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1972 waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Messmer, aliandika waziwazi kwamba madai ya wazalendo yataepukika iwapo watu wasio wa asili ya Pasifiki watakuwa wengi kisiwani. Ndiyo maana Mkataba wa Nouméa (mji mkuu wa Kaledonia Mpya) wa 1998 ulifunga madaftari: kwa kura za uhuru, mgeni alitakiwa kwa kawaida awe na miaka ishirini ya ukaazi, na kwa uchaguzi wa majimbo walizuiwa waliofika baada ya mkataba. Mei 2024 Paris ilipotaka kufungua daftari la majimbo kwa wenye ukaazi wa miaka kumi, Nouméa iliwaka moto na watu zaidi ya kumi wakafa. Taarifa nyingi ziliita "ghasia za mageuzi ya katiba". Kwa Mkanaki lilikuwa suala la hesabu tu: kila jina jipya daftarini linapunguza uzito wa lake.

Mipaka ya kuhesabia nayo inafaa kuelezwa vizuri kwa Kiswahili, maana imetupitia mlangoni. Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura, na kwa visiwa vyote vinne kwa pamoja takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Huko Maore, Mayotte kwa Wafaransa, takriban asilimia 64 walikataa. Sheria ya Ufaransa iliyoitisha kura ilikuwa imetaja jamii za Komoro kwa wingi, si jamii moja, na kupitia tundu hilo dogo la sarufi Paris ikahesabu kisiwa kwa kisiwa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro tarehe 12 Novemba 1975 ikiwa ni visiwa vinne, na mwaka 1976 Baraza Kuu likakataa kura mpya ya Maore peke yake kwa azimio namba 31/4. Ufaransa iliendelea, na mwaka 2011 Mayotte ikawa mkoa wake kamili. Hoja ya Baraza Kuu ina mzizi katika aya ya 6 ya azimio namba 1514 la tarehe 14 Desemba 1960, Tamko la kuzipa uhuru nchi na watu walio chini ya ukoloni: jaribio lolote la kuvunja umoja wa nchi na mipaka yake halipatani na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Tamko hilo lilipita kwa kura 89, hakuna aliyepinga, tisa wakajizuia, Ufaransa, Uingereza na Marekani wakiwa miongoni mwao.

Msingi huohuo ndio uliowafikisha Waingereza pabaya kuhusu visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi. Waliikata kutoka Morisi mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wake, wakawahamisha wakazi ili Diego Garcia iwe kambi ya Wamarekani. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji 13 kwa mmoja, ilisema ukoloni wa Morisi haukumalizwa kihalali na kwamba Uingereza iondoe utawala wake haraka iwezekanavyo. Maoni hayo ya mahakama hayana nguvu ya hukumu, ila yalibana: Mei 2019 Baraza Kuu liliyaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6, na Mei 2025 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa kurudisha visiwa, Diego Garcia ikibaki kwa kukodishwa miaka 99. Wachagosi wenyewe hawakupigishwa kura. Msipolitaja hilo mnapousifu mkataba, habari imebaki nusu.

Kuhusu swali lililo kwenye karatasi, azimio namba 1541 la 1960 linataja njia tatu za kutoka: uhuru kamili, ushirika huru na nchi nyingine kama walivyofanya Visiwa vya Cook mwaka 1965, au kujiunga na nchi iliyopo kwa usawa kamili. Kwa hiyo "kumaliza ukoloni" si lazima bendera mpya. Wala si lazima nusu ya kura na moja zaidi itoshe. Tokelau, visiwa vyenye watu wapatao 1,500 chini ya New Zealand, vilijiwekea sharti la theluthi mbili ili viingie ushirika huru. Mwaka 2006 waliokubali walikuwa asilimia 60. Oktoba 2007 wakafika 64.4, pungufu ya kura 16. Kwa hiyo Tokelau bado imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, na hapo sioni hila ya mtu: ni sharti walilolikubali wenyewe.

Bunduki sasa. Makubaliano ya tarehe 5 Mei 1999 kuhusu Timor Mashariki yaliuacha ulinzi mikononi mwa Indonesia, yaani mmoja wa wahusika. Kura ya tarehe 30 Agosti ilikwenda vizuri, asilimia 78.5 wakakataa kubaki ndani ya Indonesia. Matokeo yalipotangazwa tarehe 4 Septemba, wanamgambo walichoma miji na kuua mamia ya watu kabla ya kikosi kilichoongozwa na Australia kutua tarehe 20. Namibia, miaka kumi kabla, Afrika Kusini iliendesha uchaguzi lakini kila hatua ilihitaji ridhaa ya mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Martti Ahtisaari, aliyekuwa na watu wapatao 8,000 uwanjani, wakiwamo askari na polisi. Kikosi cha Koevoet kilichokuwa kinatisha vijiji kilivunjwa kabla ya kura ya Novemba 1989. Waliojitokeza ni asilimia 97. Tofauti hiyo ya masharti ya ulinzi inapatikana ndani ya makubaliano yenyewe, miezi kabla ya siku ya kura, na mwandishi yeyote anaweza kuisoma.

Mambo mawili ya usahihi. Mnaandika "Kamati ya 24", ile ya Umoja wa Mataifa ya kumaliza ukoloni, kana kwamba ina wanachama 24. Leo ni 29, jina tu ndilo limebaki la mwaka 1962. Na haiwezi kumlazimisha mtawala yeyote kuitisha kura. Inasikiliza waombaji, inatuma ujumbe wa kutembelea pale mtawala anaporuhusu, inaandika maazimio ya Baraza Kuu. Salim Ahmed Salim aliiongoza miaka ya 1970, wakati ilipokuwa na makoloni makubwa ya kushughulikia na vyama vya ukombozi vyenye nguvu nyuma yake. Leo orodha ya maeneo yasiyojitawala ina maeneo 17: kumi ya Uingereza, matatu ya Marekani, mawili ya Ufaransa, moja la New Zealand, na Sahara Magharibi.

Kifungu cha 73(e) cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamtaka kila mtawala amtumie Katibu Mkuu takwimu za uchumi, jamii na elimu za eneo lake. Za siasa hazikulazimishwa. Kwa Sahara Magharibi hakuna anayetuma hata hizo. Hispania iliarifu Februari 1976 kwamba haihusiki tena, na Moroko Umoja wa Mataifa haujaitambua kuwa mtawala wake. Kwenye jedwali la orodha hiyo, safu ya jina la mtawala ina alama ya tanbihi tu.

Msomaji wenu